Usukani mpya unazunguka nikishika breki: kosa liko wapi?

Msomaji wa Bamburi anauliza: "Naendesha baiskeli ya mtumba, ya aina ile ya mlimani, kwenda kazini Mwembe Tayari siku sita kwa wiki. Usukani wake wa asili ulikuwa mnyoofu na mfupi, ukiniumiza viganja na shingo. Nikanunua Kongowea usukani wa chuma uliopinda kurudi nyuma. Fundi ameufunga, lakini nikishika breki kwa nguvu unazunguka kwenda chini. Aliutia kipande cha kopo la soda, ukatulia siku mbili, ukaanza tena. Waya wa breki ya nyuma nao unakazika nikikata kona ya kulia. Mbovu ni usukani au stemu? Na je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe?"

Ndugu yangu, yaelekea usukani na stemu, yaani kile kipande kinachoubana usukani na kuuunganisha na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), vyote viwili ni vizima, ila vipimo vyao havipatani. Kopo la soda limekuficha jambo hilo kwa siku mbili. Bati la kopo lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo ukilizungusha mara moja umejaza milimita 0.2 tu kwenye kipenyo. Pengo likiwa dogo hivyo, litakaa. Likifika milimita moja na nusu, utahitaji tabaka saba au nane, nazo zitateleza zenyewe kwa zenyewe. Hapo mdomo wa stemu unauma bomba sehemu mbili tatu badala ya kulikumbatia lote, na ukiegemea breki kwa uzito wa mwili lazima lizunguke.

Kwa hiyo weka spana chini kwanza, upime. Kama huna kalipa, yaani kifaa cha kupimia kipenyo, kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe pale katikati ya usukani panapobanwa na stemu, tia alama karatasi inapokutana, kisha uipime kwa rula. Ukipata milimita 80, kipenyo ni milimita 25.4. Milimita 82 ni 26.0. Milimita 100 ni 31.8. Milimita 75 ni 23.8, na milimita 70 ni 22.2. Fanya hivyo pia kwa ule usukani wa zamani, maana huo ndio uliokuwa ukikaa vizuri: kipimo chake cha katikati ndicho kipimo cha stemu yako. Tofauti ya karatasi kati ya 25.4 na 26.0 ni milimita mbili tu, basi kaza ukanda usilegee.

Bila kuiona baiskeli yako, nashuku hivi: stemu za baiskeli za mlimani za miaka ya nyuma nyingi ni 25.4, na sukani za chuma za baiskeli za zamani za Kiingereza mara nyingi ni 23.8 pale katikati. Hapo pana pengo la milimita 1.6, na hakuna kopo litakaloliziba.

Kama ndivyo, una njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta usukani mwingine wa umbo hilo hilo wenye 25.4 katikati. Hiyo ndiyo ningekushauri, kwa sababu sukani za namna hiyo zipo tele na hazihitaji ujanja wowote. Ya pili ni pete ya kujazia: bomba fupi la alumini lililopasuliwa upande mmoja. Kwa stemu ya 31.8 na usukani wa 25.4 pete hizo zinauzwa tayari, na za 22.2 kwenda 25.4 zipo pia. Ya 23.8 kwenda 25.4 huenda ikabidi uchongewe na fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma: kipenyo cha ndani 23.8, cha nje 25.4, urefu sawa na upana wa mdomo wa stemu, na ufa wake ukae sambamba na ufa wa stemu ili vyote vifunge pamoja. Usikubali plastiki, mpira wala ngozi. Vitu hivyo vinaminyika leo na kesho vinalegea. Njia ya tatu ni kubadilisha stemu yenyewe. Hiyo ina faida nyingine nitakayoigusia mbele.

Tofauti ikiwa ni ile ndogo ya 25.4 ndani ya 26.0, kipande kimoja cha bati la shaba chenye unene wa milimita 0.3 kinatosha, mradi kizunguke bomba lote. Kinyume chake hakiwezekani. Ukiulazimisha usukani wa 26.0 ndani ya stemu ya 25.4, utaupasua mdomo wa stemu, na mdomo wa stemu haupasuki ukiwa umesimama nyumbani.

Pima pia sehemu ya mikono, pale liva za breki na gripu zinapokaa. Panatakiwa 22.2, yaani milimita 70 za karatasi. Halafu uchunguze bomba lenyewe, kwani ni la mtumba. Sumaku ikinasa ni chuma, isiponasa ni alumini. La chuma, chungulia ndani kwa tochi na uingize kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti: kutu nyepesi ya rangi ya chai si neno, lakini magamba yakimwagika, liache. La alumini, osha pale katikati kwa sabuni, ukague kwenye jua kama kuna ufa mwembamba kama unywele au mkwaruzo mrefu ulioachwa na stemu ya awali. Alumini iliyowahi kupindika ikanyooshwa usiitumie kabisa. Na kama usukani huo ulitoka kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani, ukakuta una vishikizo vilivyochomelewa au matundu ya zile breki za fimbo, urudishe; umetengenezwa kwa ajili ya breki za aina nyingine, na kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa.

Sasa stemu. Itazame kwa juu. Kama shingo yake ni bomba jembamba linaloingia ndani ya fremu, lenye bolti moja juu, hiyo ni stemu ya kuchomeka. Chini yake ndani kuna kabari inayovutwa na bolti ile ndefu. Kama ni nene, imelivaa bomba la foku kwa nje na ina bolti mbili za kubana upande wa nyuma, hiyo ni stemu ya kubana. Kwa kubadilisha usukani pekee, stemu ya kubana yenye kifuniko cha mbele ni raha: unafungua bolti mbili au nne za mbele, usukani unatoka, na zile za nyuma na kofia ya juu huzigusi. Ukizilegeza hizo za nyuma bila sababu, umeharibu ukazaji wa beringi za foku na umejiongezea kazi.

Stemu ya kuchomeka yenye bolti moja ya kubana usukani ina usumbufu wake: usukani lazima upitishwe kwa ubavu, na ule uliopinda sana hukwama kwenye kona. Legeza bolti, itoe kabisa, kisha panua mdomo kidogo. Kuna mbinu safi zaidi ya kuchokonoa kwa bisibisi. Kama mdomo una nyuzi za kushikia bolti upande mmoja, ingiza bolti kutoka upande huo wenye nyuzi, weka sarafu ndani ya ufa, kisha kaza taratibu. Ncha ya bolti itaisukuma sarafu na mdomo utafunguka milimita moja au mbili. Inatosha. Usizidishe, hasa kwenye alumini.

Ukiamua kuiinua au kuitoa stemu ya kuchomeka, fungua bolti ya juu mizunguko minne au mitano, usiitoe. Kichwa chake kitainuka karibu nusu sentimita. Weka kipande cha mbao juu yake, upige mara moja kwa nyundo. Utasikia "to!" na kichwa kitarudi chini: kabari imeachia. Bana gurudumu la mbele kwa magoti, uzungushe usukani kushoto kulia huku ukivuta juu.

Isipotoka, karibu Mombasa. Stemu ya alumini ndani ya bomba la chuma, ikiwa na jasho na hewa ya bahari katikati, hutengeneza unga mweupe unaoshika kama saruji. Usianze kupigana nayo, utapinda foku. Mimina mafuta ya kupenyeza kwa juu, kisha geuza baiskeli na umimine tena kwa chini, kupitia tundu lililo chini ya shingo ya foku. Iache usiku kucha. Asubuhi, kabla ya jua kupanda, funga barafu kwenye mfuko, ukumbatie nayo stemu dakika kumi na tano. Barafu ya wauza samaki inafaa sana, ni nyingi na si ghali. Alumini hunywea kwa baridi kuliko chuma, na mnywelo huo mdogo mara nyingi ndio unaoivunja ile saruji. Rudia mara mbili tatu kabla hujampelekea fundi.

Wakati wa kuirudisha, paka grisi kwenye shingo yote inayoingia ndani, kwenye kabari na kwenye nyuzi za bolti. Tazama alama iliyochongwa kwenye shingo, mistari midogo midogo iliyosimama: lazima ifichike ndani. Kama haina alama, bakisha ndani si chini ya sentimita 6. Wengi huinua stemu hadi wastarehe, wakasahau kwamba kilichobaki ndani ni sentimita tatu.

Upande wa kubana usukani, mambo ni tofauti: grisi kwenye nyuzi za bolti, lakini mdomo na usukani viwe vikavu kabisa. Vifute kwa spiriti. Huenda hata hiyo ilichangia kwako, kwa maana mafundi wengi hupaka kila mahali kwa nia njema.

Kukaza nako kuna kiasi. Stemu yenye kifuniko cha mbele kawaida huandikwa kipimo, na kwa bolti ndogo za milimita 5 ni karibu Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila spana ya kupimia, shika alenki fupi (ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa cha bolti) kwa vidole vitatu, ukaze mpaka vidole vianze kulalamika, basi. Kaza kwa kupishana, kama nati za gurudumu la gari, na pengo la juu na la chini ya kifuniko liwe sawa. Bolti moja kubwa ya stemu ya zamani inahitaji nguvu zaidi, karibu Nm 18. Hiyo ni kama kuning'iniza kilo 12 kwenye spana ya sentimita 15. Kama umekaza kiasi hicho na usukani bado unazunguka, usiongeze nguvu. Vipimo ndivyo vinavyokwambia kitu.

Twende kwenye waya, na hapa ndipo nafasi ya ajali ilipo hasa. Huko kukazika ukikata kona ya kulia kuna maana moja: ganda la waya, yaani mrija wa nje ambao waya hupita ndani yake, ni fupi. Liva ya breki ya nyuma kwa kawaida yetu iko kushoto. Ukigeuza kulia, ncha ya kushoto ya usukani inakwenda mbele, mbali na fremu, na ganda linavutwa. Likivutwa sana, breki ya nyuma inajishika yenyewe katikati ya kona. Usukani uliopinda huleta mikono nyuma sentimita 10 hadi 15 na mara nyingi huiinua pia, kwa hiyo maganda yaliyokatwa kwa ajili ya usukani mnyoofu hayawezi kutosha, wala hayaungwi. Nunua mapya, na waya mpya ndani yake.

Kupata urefu, funga usukani mpya na liva zake mahali zitakapokaa, kisha chukua kamba ya katani. Geuza usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, huku kamba ikifuata njia ya ganda. Urefu unaofaa ni ule ambao kamba haikazi upande wowote wala haifanyi kitanzi kikubwa cha kunasa mikoba ya watu pale Likoni. Ongeza sentimita mbili kabla ya kukata, maana kupunguza unaweza, kuongeza huwezi.

Ganda la breki na ganda la gia si kitu kimoja. La breki lina unene wa milimita 5 na ndani yake ni waya uliosokotwa kama springi. La gia mara nyingi ni milimita 4, na nyuzi zake zimelala kwa urefu. La gia ukilitumia kwenye breki, linaweza kupasuka ubavuni siku utakayoshika breki kwa nguvu zote, yaani siku ile ile unayoihitaji. Muuzaji akikwambia "yote ni sawa", tazama ncha iliyokatwa kabla hujalipa. Waya wa ndani wa breki ni karibu milimita 1.5, wenye kichwa kama kipipa kidogo kilicholala kwa liva za baiskeli ya mlimani. Wenye kichwa cha umbo la pera ni wa liva za baiskeli za mbio.

Kata ganda kwa koleo kali la kukatia waya, si plaisi ya kawaida inayolibonda. Ncha uisawazishe kwa tupa mpaka iwe bapa, kisha ufungue tundu la ndani kwa msumari mwembamba, kwani plastiki ya ndani hujifunga inapokatwa. Vika kikofia kila ncha. Kama huna koleo hilo, hii ndiyo sehemu ya kazi ninayokushauri umwachie fundi. Ni dakika kumi zake, na wewe uwe umeshatia alama mahali pa kukata. Yaliyobaki yote unaweza mwenyewe ukiwa na alenki, spana, bisibisi na alasiri moja. Isipokuwa kama breki zako ni za mafuta: huko kurefusha bomba ni kazi ya mwenye vifaa vya kutoa hewa.

Chukua waya wa chuma kisichoshika kutu, hata ukigharimu zaidi. Waya wa kawaida, kwa chumvi hii, huanza kukwaruza ndani ya ganda mapema, na utadhani liva imechakaa. Upake grisi nyepesi unapoupitisha. Mwisho wake bakisha sentimita 3 au 4 baada ya nati ya kubana, uvike kofia ya kuziba ili nyuzi zisifumuke.

Gripu za zamani zinatoka kwa bisibisi nyembamba na maji ya sabuni yaliyochuruzishwa ndani. Zinaporudi, usitie sabuni wala mafuta. Tia spiriti kidogo, zisukume haraka, ziache saa kadhaa zikauke. Kabla ya gripu, liva ndizo zinazotangulia kuingia, kisha kibadilishi cha gia kama kipo. Wengi hukumbuka liva wakati gripu imeshakauka. Ziba ncha za usukani kwa vizibo. Bomba lililo wazi, ukianguka juu yake, linakata kama bati.

Kupanga sasa. Tia alama katikati ya usukani kwa utepe, uwe sawa pande zote. Ncha za usukani uliopinda zielekee chini kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili kifundo cha mkono kisivunjike. Liva zifuate mstari wa mkono wako ukiwa umekaa kwenye siti, vidole viwili vizifikie bila kunyoosha bega. Halafu geuza usukani mpaka mwisho huku umekaa na pedali moja iko juu: goti likigusa gripu, usukani umekuja nyuma mno. Hapo ndipo ile faida ya stemu mpya inapoingia, chukua yenye mkono mrefu wa mbele kwa sentimita 3 au 4. Upana wa sentimita 58 hadi 62 unawatosha wengi. Ukizidi hapo, tuktuk za Kongowea zitaanza kukupunguzia. Kukata ni kwa msumeno wa chuma, kiasi sawa kila upande, sentimita moja moja.

Ukikaa wima hivyo uzito unahamia kwenye siti, basi siti nyembamba ya baiskeli ya mlimani inaweza kukuudhi. Ianze kwa kuwa bapa, pua isiinuke. Na kifua chako sasa ni tanga. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi itakukuta usoni asubuhi ukiliendea daraja la Nyali, na utatoka mapema dakika chache.

Kabla ya kuingia barabarani, fanya majaribio matatu. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kuuzungusha usukani kushoto kulia kwa nguvu ya kawaida ya mikono. Kisha egemea gripu zote mbili kwa uzito wako wote, mara tano, ukitazama kama utepe wa katikati umehama. Mwisho shika breki zote mbili kwa nguvu zako zote, uisukume baiskeli mbele na nyuma: liva zisiguse usukani, na pasiwe na mgongano kwenye beringi za foku. Hakikisha pia liva ya kulia inashika gurudumu la mbele kama ulivyozoea. Baadhi ya baiskeli za mtumba kutoka Ulaya huja kinyume, na nyaya zikishafunguliwa zote ni rahisi kuzirudisha zilivyopishana.

Waya mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo baada ya wiki moja kaza tena kwenye kirekebishi cha liva na upitie bolti zote. Baada ya hapo, toa stemu ya kuchomeka mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, futa ule unga mweupe, paka grisi upya, irudishe. Kazi yenyewe ni robo saa, na itakuepusha na ile barafu.